Machozi ya Mzungu, Uso wa Mchina

Mzungu akilia kwenye video, tunasema ana moyo. Mchina asipolia, tunasema hana moyo. Msomali akipaza sauti, tunasema anatafuta vita. Na binti wa Kitui akilia kutoka Riyadh, nusu yetu tunasema anaigiza.

Hakuna aliyetufundisha sheria hizi darasani, lakini fungua simu yako jioni yoyote, uwe Wote, uwe Mwingi, uwe kwenye chumba chako cha kukodi Githurai, usome komenti chini ya video. Utazikuta zote. Watu ambao hawajawahi kuketi meza moja na Mchina wanakwambia anachowaza kwa kuangalia kope zake. Sekunde 15 za video, zimekatwa na mtu mwingine, zimewekewa muziki na mtu mwingine, na sisi tayari tumeshatoa hukumu: huyu ana dharau, huyu ana upendo, huyu ni mwongo.

Hoja yangu nitaisema mapema ili usiitafute mwishoni. Tunapotazama uso wa mgeni mtandaoni, mara nyingi tunasoma kile tulichokuwa tumeshaamini kabla video haijafunguka. Uso wenyewe hatuusomi. Na usiniambie ati hayo ni mambo madogo ya adabu za mtandaoni. Anayeaminiwa akilia ndiye anayesaidiwa. Asiyeaminiwa anaachwa hapo alipo, na kuna familia Ukambani zinazojua vizuri sana kuachwa huko kunaishia wapi.

Tuanze na Mchina, kwa sababu ndiye mgeni tuliyeishi naye karibu miaka hii. Ukipanda SGR kutoka Nairobi, utapita Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Reli hiyo, iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, ilijengwa na China Road and Bridge Corporation. Barabara ya kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui ilijengwa na Sinohydro. Bwawa la Thwake, pale mto Thwake unapokutana na Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui, lilianza kujengwa 2018 mikononi mwa China Gezhouba. Kuna vijana wengi wa kwetu ambao kibarua chao cha kwanza baada ya kidato cha nne kilikuwa chini ya nyapara Mchina.

Video zenyewe unazijua. Mwanamume wa Kichina mwenye helmeti anaongea kwa sauti ya juu. Mbele yake kijana wa kwetu amesimama na sepetu, anaangalia chini. Juu ya picha mtu ameandika: Mchina akimtukana Mkenya nchini mwake. Hakuna tafsiri. Hakuna anayejua alisema nini. Huenda anatukana kweli. Huenda anamwambia tingatinga linarudi nyuma, atoke njiani. Kichina ni lugha ya toni, na sikio lisiloizoea husikia ugomvi hata mahali watu wanaagizana chai. Lakini komenti zimeshajua kila kitu. "Angalia hayo macho." "Hawa watu hawana hisia." "Hata akicheka, anakucheka wewe."

Hebu uone huo mtego. Akipaza sauti ana dharau. Akinyamaza hana hisia. Akicheka anatucheka. Mtu huyu hana uso hata mmoja ambao angeuvaa ukamwokoa. Kesi iliamuliwa kabla hajafungua mdomo, na video ililetwa tu kama kielelezo.

Sasa najua unachotaka kuniambia. Kwani unawatetea? Umesahau 2018? Sijasahau. Septemba 2018 mfanyabiashara mmoja Mchina alirekodiwa akiwaita Wakenya nyani, pamoja na rais wao, akakamatwa na kufukuzwa nchini. Julai mwaka huohuo gazeti la The Standard lilichapisha malalamiko ya Wakenya waliokuwa wakifanya kazi kwenye SGR, waliosimulia jinsi walivyotengwa na wenzao Wachina mezani na kwenye magari ya kazini. Ubaguzi huo ni wa kweli, na yeyote anayeufunika kwa jina la uwekezaji hana aibu.

Lakini angalia tuliujuaje. Yule mfanyabiashara alitumia maneno, tena ya Kiingereza, na kila mtu aliyasikia. Wale wafanyakazi walieleza sheria za mezani, magari, nani anakaa wapi. Hakuna aliyehitaji kupima kope za mtu. Ushahidi ulikuwa kwenye ulimi na kwenye kanuni za kazi, na ndiyo maana uliwabana wahusika hadi wakalazimika kujibu. Mashtaka ya "ana uso wa dharau" hayambani mtu yeyote. Kampuni itakujibu kwamba huo ni utamaduni tu, mjadala utaisha, na yule kijana mwenye sepetu atarudi kazini bila glavu na bila mkataba, huku sisi tukijipongeza kwa kumtetea. Komenti elfu moja kuhusu macho ya nyapara, na hata moja haijauliza analipwa ngapi kwa siku.

Kitu kingine ambacho watazamaji hawapendi kusikia ni kwamba anayefanya kazi na Mchina huwa hazungumzi kama wao. Atakwambia Mchina fulani ni mkali na fulani ni mtu wa watu. Atakwambia kimya cha huyu ni hasira lakini kimya cha yule ni uchovu, kwamba kuna mmoja ambaye kila jioni huenda kando na simu na kurudi macho mekundu, kwa sababu mtoto wake anakua bila yeye. Huyo kibarua anaweza kuwachukia wakubwa wake kwa sababu ishirini za haki, lakini anajua wana hisia, kwa sababu ameziona zikimgharimu. Mwaka 2002 watafiti wawili, Hillary Elfenbein na Nalini Ambady, walikusanya tafiti nyingi kuhusu jambo hili na kuonyesha kwamba watu husoma hisia za watu wa jamii yao kwa usahihi zaidi kuliko za wengine, na kwamba pengo hilo hupungua pale jamii zinapoishi karibu. Kwa maneno mengine, kijana wa Thwake anamsoma Mchina vizuri kuliko wewe na mimi. Ajabu ni kwamba sisi wa mbali ndio wenye uhakika zaidi.

Uhakika huo unatoka wapi? Sehemu moja unatengenezwa na video yenyewe. Karibu miaka 100 iliyopita mtengeneza filamu Mrusi, Lev Kuleshov, alifanya jaribio ambalo kila mtu wa TikTok hulirudia leo bila kujua. Alichukua picha ya uso wa mwigizaji, uso mtulivu usioonyesha kitu, akaufuatisha na sahani ya supu, kisha jeneza, kisha mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu sana mwigizaji: waliiona njaa yake, wakaiona huzuni yake, wakaiona tamaa yake. Uso ulikuwa uleule. Leo supu na jeneza ni maandishi ya njano juu ya picha na kinanda cha huzuni kwa nyuma. Ukiandika "Mchina akimtukana Mkenya," uso utatukana. Ukiandika "Mchina akimfundisha kazi kijana wa Makueni," uso uleule utaanza kufundisha.

Sehemu ya pili tunaileta wenyewe. Mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Kurt Hugenberg na Galen Bodenhausen, waliwaonyesha watazamaji weupe filamu fupi za nyuso zilizotengenezwa kwa kompyuta, nyingine nyeusi, nyingine nyeupe, zikibadilika polepole kutoka hasira kwenda furaha. Kazi yao ilikuwa kusema hasira imeisha lini. Wale waliokuwa na ubaguzi uliofichika zaidi waliendelea kuiona hasira kwenye uso mweusi kwa muda mrefu zaidi. Filamu ilipogeuzwa ikaanza na furaha, waliiona hasira ikiingia mapema zaidi kwenye uso huohuo mweusi. Yaani hawakuwa wanasema uongo. Waliiona kweli. Ubaguzi uliwafikia machoni kabla haujafika mdomoni, na hapo ndipo jambo hili linapotisha: mtu anayeona hivyo hana sababu ya kujishuku.

Sisi tukisoma utafiti kama huo tunapiga makofi, kwa sababu uso mweusi ni wetu. Tunasema, mnaona, wazungu ni wabaguzi! Halafu tunarudi kwenye simu kuandika kwamba Wachina hawana hisia.

Na usifikiri mashine itatuokoa. Mwaka 2018 mtafiti Lauren Rhue alipitisha picha za wachezaji wa NBA kwenye programu mbili za kusoma hisia. Moja iliwaona wachezaji weusi kuwa na hasira zaidi kuliko weupe hata walipotabasamu kwa kiasi kimoja. Nyingine iliwaona kuwa na dharau zaidi pale ambapo uso haukueleweka vizuri. Mambo kama haya yanaanzia wapi, sihitaji kusimuliwa. Baada ya kuacha chuo nimewahi kufanya vibarua vya mtandaoni, na kimojawapo kilikuwa hiki: unaletewa picha ya uso usioujua, wa nchi usiyoijua, na chini yake kuna vitufe. Furaha. Hasira. Huzuni. Hofu. Dharau. Senti chache kwa picha, na ukichelewa, picha inaenda kwa mwingine. Kitufe cha "sijui" hakikuwepo. Sasa mashine inayofundishwa na maelfu ya watu waliokatazwa kusema sijui itajifunza nini, kama si kujifanya inajua? Angalau sisi tulikuwa tunalipwa. Wewe unayeandika "ona hiyo dharau" chini ya video unafanya kazi hiyohiyo bure, na hakuna aliyekunyima nafasi ya kunyamaza.

Sasa njoo upande wa pili, kwa mgeni tunayempenda. Video ni ya Mzungu wa kujitolea anayeagana na watoto wa kituo cha mayatima. Watoto wanaimba. Yeye analia, uso mwekundu, pua imejaa. Komenti zinayeyuka: "Huyu ana moyo wa dhahabu." "Mungu ambariki." "Sisi wenyewe hatuwapendi watoto wetu hivi." Hakuna anayeuliza analilia nini. Huenda anawalilia watoto. Huenda analilia likizo iliyoisha, au kurudi kwenye baridi na kazi asiyoipenda. Huenda kamera ilikuwa imewashwa kabla ya machozi. Sisemi analia uongo. Nasema machozi ya Mzungu hayapelekwi polisi. Yanaaminiwa palepale.

Na ndani ya video hiyohiyo kuna nyuso ambazo hakuna anayezisoma kabisa. Kuna mtoto wa miaka minne hivi amemkumbatia yule dada mguuni, uso umekauka. Ameshaagwa na wageni wangapi? Kuna mama anayewapikia muthokoi kila jioni na kuwaamkia usiku wakiwa na homa. Yeye halii, kwa sababu kesho atakuwepo. Kama ameonekana kwenye picha, ameonekana nusu, akipita na ndoo. Upendo wake hauna machozi, kwa hivyo kwa mtazamaji haupo.

Kwamba ni ngozi inayopewa mkopo huo, na kwamba mkopo wenyewe unaweza kuitishwa ghafla, tuliliona hapa Kenya. Novemba 2018 msichana Mwitaliano aliyekuwa akijitolea kule Chakama, Kilifi, alitekwa nyara na watu wenye silaha na kupelekwa Somalia. Picha zake akitabasamu na watoto wa Chakama zilizunguka Italia nzima, na Waitaliano waliona malaika. Mei 2020 aliachiliwa. Alishuka kwenye ndege Roma amevaa vazi refu la kijani la Kiislamu, akatabasamu, akasema alikuwa amesilimu kwa hiari yake. Tabasamu lilikuwa la msichana yuleyule. Safari hii waliona msaliti. Matusi na vitisho vilimiminika mtandaoni, na mbunge mmoja alisimama bungeni akamwita gaidi mpya. Miezi 18 mateka, na kosa lake likawa kushuka na furaha isiyopendeza watu. Kilichobadilika kati ya picha ya Chakama na ile ya Roma ni kitambaa.

Turudi nyumbani, kwa yule ambaye tunamwita mgeni na si mgeni. Upande wa mashariki na kusini mwa Kitui, wakulima na wafugaji wa ngamia kutoka Garissa na Tana River wamegombana miaka na miaka. Mashamba ya ndengu yameliwa, watu wameuawa, familia zimehama. Hilo si jambo la kuchezea na sitalichezea. Mkulima aliyepoteza msimu mzima ana haki ya hasira yake na ana haki ya kulindwa. Lakini video ya mfugaji Msomali anayepaza sauti, na mikono inayopaa kama mikono yetu wote inavyopaa tukidai chetu, inasomwa kwa namna moja tu. Hakuna anayeona mtu mwenye hofu ya kupoteza mifugo kwenye kiangazi. Wanaona bunduki hata pale ambapo hakuna. Na mama wa Kisomali akilia, komenti zinamuuliza kitambulisho. Ana kitambulisho. Ni cha Kenya. Nenda ukasome zile za upande wa pili, utakuta mkulima Mkamba anayelia juu ya shamba lake anaitwa mchochezi aliyelipwa na wanasiasa. Kila upande una hakika machozi ya mwenzake yamenunuliwa, na katikati ya hakika hizo mbili ndipo wanasiasa wa kweli wanapokula.

Sisi Wakamba tungepaswa kuwa wa mwisho kucheza mchezo huu. Tumesomwa vibaya nchi nzima. Mkenya wa kawaida anajua mambo mawili kuhusu Kitui, ukame na uchawi, na la pili analijua kwa vichekesho. Mlinzi Mkamba akitabasamu getini, ni mwaminifu na hana neno, kama vile hana kodi inayomsubiri. Mama wa Kitui akihojiwa kwenye habari akiwa na uchungu, lafudhi yake inakatwa, inawekewa midundo, na kufikia jioni uchungu wake ni wimbo wa kuchekesha kwenye simu za watu. Tunajua inavyouma nchi ikicheka ukiwa hujatania.

Na jina letu la mgeni si tusi. Kwa Kikamba mgeni ni mueni. Kila kijiji cha Makueni na Kitui kina akina Mueni, wasichana ambao jina lao linakumbusha kwamba walipozaliwa kulikuwa na mgeni nyumbani. Watu waliomwita mtoto wao Mgeni hawakuwa wanaogopa sura mpya mlangoni.

Fikiria sasa unapokuwa wewe ndiye mueni, na anayeshika simu ni mtu mwingine. Juni 2022, BBC Africa Eye ilionyesha filamu yake iitwayo Racism for Sale. Mchina mmoja alikuwa akirekodi watoto katika kijiji kimoja Malawi na kuuza video hizo kwa watazamaji wa China. Watoto wanacheza, wanaruka, meno yote nje. Video moja iliyosambaa sana iliwaonyesha wakiimba kwa Kichina maneno waliyofundishwa bila kuyaelewa, kwamba wao ni pepo weusi wenye akili ndogo. Jitie kwenye nafasi ya mtazamaji kule. Anaona watoto wenye furaha. Uso wa furaha kweli upo. Hisia imesomwa sawasawa, na bado kila kitu kuhusu video hiyo ni uongo, kwa sababu aliyeshika kamera ndiye aliyeweka maneno. Kama uso unaweza kukudanganya hata pale unapousoma sawa, itakuwaje pale unapousoma kwa chuki?

Na sasa Riyadh.

Mabinti wa Kitui na Makueni wamo miongoni mwa maelfu ya Wakenya waliokwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Wengine hufanikiwa, hujenga, hurudi. Wengine hutuma video. Na video hizo zina mahakama yake. Binti akilia, komenti zinasema ni drama, anatafuta nauli ya bure. Akiongea kwa utulivu, wanasema mbona yuko sawa, mbona halii. Akikasirika, wanasema ndiyo maana mwajiri amemshinda, Wakenya tuna kiburi. Akipata nguvu za kurekodi, wanauliza nguvu za kurekodi amezitoa wapi. "Uliambiwa usiende." "Vumilia, wenzako wanajenga."

Umeutambua mtego? Ni uleule wa nyapara Mchina. Binti huyu hana uso ambao angeuvaa tukamwamini. Tofauti ni kwamba nyapara, tukimsoma vibaya, atalala kwenye kambi yake na kupokea mshahara wake. Binti tukimsoma vibaya hana mahali pa kwenda, kwa sababu chini ya mfumo wa kafala kibali chake cha kukaa kimefungwa kwa mwajiri, na pasipoti mara nyingi iko kabatini kwa mwajiri huyohuyo. Amezungukwa na watu wawili wasiomwamini: mwajiri anayeona kwenye uso wake mweusi ukaidi, na Mkenya mwenzake anayeona maigizo.

Serikali yetu yenyewe ilisema Wakenya 89 walifariki Saudi Arabia kati ya 2020 na 2021, wengi wao wafanyakazi wa nyumbani, na sababu iliyotolewa kule ilikuwa mshtuko wa moyo. Machi 2025 gazeti la New York Times liliripoti kwamba Wakenya wasiopungua 274, wengi wao wanawake, walikuwa wamefia huko katika miaka mitano. Wasichana wadogo waliopimwa afya kabla ya kupanda ndege. Sisemi komenti ndizo zilizowaua. Nasema mtu aliye kwenye hatari anapotuma sura yake kwa watu wa kwao, na watu wa kwao wakaanza kubishana kama machozi yale ni halisi, muda unaopotea ni wake.

Na hatukuyapata mazoea hayo kwa video za Saudia. Tuliyapata kwa miaka ya kusoma nyuso za Wachina, za Wasomali, za kila mgeni tuliyeletewa, tukiamini kwamba jicho letu halidanganyiki. Ukijizoesha kumhukumu mgeni kwa sura yake, siku moja aliye mbali nawe, hata akiwa dada yako, atakuwa na sura ya mgeni.

Kuna watakaosema mimi nataka watu wasihisi kitu, kwamba kusoma nyuso ni silika na haiwezi kuzimwa. Kweli haizimwi. Lakini kuhisi ni jambo moja na kutangaza ni jingine. Unaweza kuona dharau kwenye uso wa nyapara na bado ukauliza alisema nini, nani anajua Kichina atutafsirie, yule kijana analipwa ngapi, ana mkataba. Unaweza kuguswa na machozi ya Mzungu na bado ukauliza nani anawalea wale watoto akishaondoka, kwa pesa ya nani. Unaweza kumwogopa mfugaji na bado ukauliza nani aliyeahidi mpaka na maji mwaka wa uchaguzi akapotea. Maswali hayo hayana muziki wa kinanda na hayatapata maelfu ya likes, lakini yana majibu, na majibu yana wenyewe wanaoweza kuwajibishwa. Uso hauna jibu.

Na neno "sijui" lipo. Halikuwepo kwenye kile kibarua changu, lakini kwenye simu yako lipo. Sijui Kichina. Sijui alikuwa anasema nini. Sijui video hii ilikatwa wapi. Haligharimu bando la ziada.

Video nyingine iko njiani, labda leo usiku. Binti ndani ya chumba kidogo, taa imezimwa, anaongea kwa kunong'ona, na huenda macho yake ni makavu kabisa kwa sababu aliyalia yote wiki iliyopita. Usiyakague. Uliza yuko mji gani, ajenti aliyempeleka ni nani, na pasipoti yake iko kwa nani. Majibu hayo yafikishe ubalozini, kwa mbunge wake na kwa familia yake, kabla hujaandika chochote kuhusu sura yake.